Uchu wa Sukari

Katika umri wangu wa miaka 46 nimepata kuacha vyakula viwili. Cha kwanza ni nyama; cha pili ni sukari. Nyama ilinitoka kama jino bovu: iliuma siku moja, kisha nikaisahau. Sukari haikutoka hivyo. Nimeifukuza mara nyingi, na mara nyingi imerudi bila ya kubisha hodi. Watu wanaonifahamu hustaajabu wasikiapo maneno haya, kwa sababu machoni pao nyama ni kitu kikubwa na sukari ni kitu kidogo. Mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi imani hiyo ilivyonidanganya, kwani udanganyifu wake ulikaribia kuniponza, na yamkini msomaji anao udanganyifu wa namna hiyo hiyo katika kikombe chake.

Nilizaliwa Tanga na huko nikalelewa. Nilipokuwa na miaka 12 marehemu baba yangu alinikabidhi mwanambuzi aliyefiwa na mama yake. Nilimnywesha maziwa kwa chupa, nikamkatia majani, akawa ananifuata hata mlangoni pa madrasa. Alipokua alichinjwa katika harusi ya dada yangu. Hapana aliyenidhulumu: mbuzi alikuwa wa baba, harusi ilikuwa ya halali, na wageni walikuwa na haki ya kula. Walakini pilau ya siku ile haikupita kooni mwangu. Niliendelea kula nyama kwa kuwastahi wazazi, na nilipofika chuo kikuu, mbali na macho yao, nikaiacha, na samaki pia. Sikulifanya jambo hilo kuwa dini, wala sikumlaumu mtu yeyote kwa kitoweo chake. Mayai, maziwa na samli niliendelea navyo.

Sifa huingia moyoni kwa wepesi na hutoka kwa taabu. Kwa muda wa miaka 20 nilijihesabu miongoni mwa watu wa kiasi. Wenzangu waliponiona napita penye nyama choma bila ya kugeuza shingo walinisifu, nami nilizipokea sifa zile kama mshahara wa haki. Hapana aliyetazama nilichokula badala ya nyama, na mimi mwenyewe sikutazama. Asubuhi nilikula chapati mbili au maandazi. Mchana wali kwa maharage. Jioni ugali, au mihogo ya nazi, au ndizi. Katikati ya milo hiyo nilikunywa chai vikombe vitano, na kila kikombe kilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Watu waliniita mla mboga, lakini mboga nilizigusa kwa ncha za vidole tu. Chakula changu hasa kilikuwa wanga, na kitoweo cha wanga ule kilikuwa sukari.

Januari 2023 nilikwenda kupimwa damu kwa sababu ya uchovu usioisha kwa usingizi. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita kilisoma asilimia 6.2. Tabibu alinieleza kwa upole. Chini ya 5.7 ni hali ya kawaida; kutoka 5.7 mpaka 6.4 ni njia iendayo katika hatari, 6.5 na kuendelea ni kisukari chenyewe. Kisha aliniuliza juu ya chai. Nilipomjibu alifanya hesabu mbele yangu: vikombe vitano, vijiko vitatu, gramu 4 kwa kijiko, jumla gramu 60 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tuzipatazo katika chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na lasema kuwa kuishusha mpaka gramu 25 hivi ni bora zaidi. Mimi nilikuwa nimeipita mipaka yote miwili kwa chai peke yake, kabla ya kuhesabiwa andazi hata moja.

Neno kisukari halikuwa geni nyumbani kwetu. Baba yangu aliishi na maradhi hayo kwa miaka 15. Alikuwa mtu wa miguu. Alizijua njia zote za Ngamiani, na alipendelea kwenda kumwona mtu kuliko kumtumia salamu. Mwaka 2009 alikatwa mguu mmoja chini ya goti kwa kidonda kilichoanza na mchomo mdogo wa mwiba ambao hakuusikia. Alifariki mwaka 2011. Nilipotoka kwa tabibu siku ile niliitazama miguu yangu kana kwamba ni vitu nilivyoazimwa.

Tabibu alinipa njia kadhaa: kupunguza uzito, kutembea kila siku, kupunguza sukari na nafaka zilizokobolewa. Zote zilikuwa njia njema. Mimi niliomba ile iliyo kali kuliko zote, kwa kuwa nilijijua: ni mtu niwezaye kuufunga mlango, lakini siwezi kuulinda uliofunguliwa nusu. Njia hiyo ni lishe ya ketoni, ambayo humnyima mtu takriban wanga wote na kumpa mafuta badala yake. Tabibu alikubali kwa sababu sikuwa natumia dawa yoyote. Alinionya kwamba mtu mwenye kutumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akianza mlo huu bila ya kusimamiwa, sukari yake yaweza kushuka ghafla hata akazimia; na kwamba mja mzito na mwenye maradhi ya figo wasiuguse pasipo shauri la daktari wao. Nayarudia maneno yake hapa kwa sababu insha si dawa.

Lishe hii si jambo la juzi. Jina lake lilitolewa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic huko Marekani, aliyeipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Madaktari walikuwa wamekwisha kutambua kwamba kifafa hupungua mgonjwa akifunga. Lakini hapana mtu awezaye kufunga siku zote za maisha yake. Wilder alifikiri kuwa yawezekana mtu ale, ila ale kwa namna ambayo mwili utajiona umefunga. Hila yenyewe ni hii. Wanga ukipungua sana, aghalabu chini ya gramu 50 kwa siku, ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na ketoni hizo huwa kuni za mwili badala ya sukari, hata katika ubongo. Kwa mtu aliyefunga Ramadhani tangu utotoni habari hiyo ilikuwa na mvuto wake: ilikuwa ni saumu iliyofichwa ndani ya kula.

Walakini mtu asiyekula nyama akiingia katika lishe hii huwa kama mgeni aliyeingia katika karamu ya watu wengine. Miongozo niliyoisoma ilitaja nyama, kuku na samaki mwanzo mpaka mwisho. Protini yangu mimi ilikuwa maharage, choroko, kunde na dengu, na hizo zote huja zimefungwa pamoja na wanga. Kikombe kimoja cha maharage ya kuchemsha kina wanga wa gramu 40 hivi, na ijapokuwa zaidi ya robo yake ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari, kinachobaki chakaribia kumaliza posho ya siku nzima ya mtu aliyejiwekea gramu 30, kama nilivyojiwekea mimi. Basi kabla ya kuagana na sukari ilinilazimu niagane na maharage, rafiki wa miaka 20 ambaye hakupata kunikosea.

Nilianza kujifunza kula upya. Nguzo yangu ya kwanza ilikuwa mayai, kwani yai moja lina protini ya gramu 6 hivi na wanga usiofika gramu moja. Ya pili ilikuwa jibini nyeupe ya Kihindi niliyoinunua Kisutu, hapa Dar es Salaam, jirani na mahekalu ya Wahindu, mahali ambapo kwa watu wengi kutokula nyama ni desturi ya mababu wala si kioja. Ya tatu ilikuwa tofu, yaani jibini ya soya. Yakafuata maparachichi, ufuta, mbegu za maboga, na karanga kwa kiasi. Kwa mboga sikuwa maskini: mchicha, matembele, mnavu, bamia, biringanya, kabichi na uyoga vyote vilikuwa halali kwangu. Na juu ya vyote palikuwa na nazi. Mtu wa Tanga akiambiwa ale mafuta kwa wingi hana haja ya kwenda mbali kuyatafuta. Mchicha uliopikwa kwa tui zito ni chakula alichopikiwa na bibi yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka 20 nilistahili jina nililopewa: nikawa mla mboga.

Siku nne za mwanzo kichwa kiliniuma, miguu ikawa mizito, na darasani nilisahau jina la ngeli niliyoifundisha kwa miaka 15. Mambo hayo tabibu alikuwa amenitajia. Akiba ya wanga iliyomo katika ini na misuli huwekwa pamoja na maji. Akiba ikiisha maji hutoka, na insulini ikishuka figo huiachia chumvi nayo itoke. Nilikunywa maji zaidi na mchuzi wa mboga wenye chumvi, na siku ya sita kichwa kikanyamaza. Hivi ndivyo mwili wangu ulivyosalimu amri, kwa muda usiozidi juma moja. Vita vilivyobaki vilikuwa vya mwingine.

Nilidhani naijua njaa, na kwa kweli naijua. Lakini njaa na uchu ni vitu viwili. Njaa hukaa tumboni wala haichagui: mwenye njaa akipewa muhogo wa kuchemsha hushukuru. Uchu huchagua. Nilikuwa nimeshiba mayai na parachichi, na bado ulimi wangu ulidai kitu kimoja tu, tena kwa jina lake. Baada ya siku kumi niligundua kuwa uchu wangu ulikuwa na ratiba kama shule. Ulikuja saa nne asubuhi, chai iingiapo katika chumba cha walimu. Ulikuja saa kumi jioni, nifikapo nyumbani. Na ulikuja saa nne usiku, nisahihishapo kazi za wanafunzi. Saa nyingine zote sikuuona.

Usiku wa siku ya 19 nilianguka. Mume wangu na watoto walikuwa wamelala. Mbele yangu palikuwa na karatasi 80 za mtihani, na kabatini palikuwa na bakuli la visheti ambavyo jirani aliwaletea watoto. Nilikula kimoja nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilijiambia kwamba mtu anayekula amesimama hajala. Nikala cha pili ili nikilinganishe na cha kwanza. Nilipokuja kuhesabu, vilikuwa vimekwisha 11. Asubuhi mwanangu mdogo aliuliza ni nani aliyekula visheti vyake. Nami, mtu mzima mwenye shahada ya udaktari, nilinyamaza nikaendelea kumfunga vifungo vya shati.

Kunyamaza kule kuliniuma kuliko kula. Tasnifu yangu ya udaktari niliiandika juu ya methali. Mara nyingi nimefundisha ile isemayo kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Nimeeleza sitiari yake na takriri yake, na wanafunzi wameandika madaftarini. Katika kufundisha kote huko sikupata kuona kwamba methali ile haimwiti mtu mwizi wala mlafi. Inamkumbusha jambo moja tu: buyu halilii likipungua. Mchovyaji hudanganywa na ukimya wa buyu, na mimi nilikuwa nimeuongeza ukimya huo kwa ukimya wangu. Jioni ile nilimwambia mwanangu kuwa mlaji alikuwa mama yake. Alinitazama kwa mshangao, akacheka, kisha akasema, “Si ungeniomba, mama?”

Mtu wa lugha akikwama hukimbilia kulitazama neno, nami nilifanya hivyo. Sukari ilitufikia kwa jina la Kiarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi, ambao katika Kisanskriti walisema sharkara, neno lililomaanisha pia changarawe. Mmea wenyewe tunauita kwa neno letu, muwa, lakini chembe zake tamu zilikuja na jina la ng'ambo. Tena si mbali na kwetu, huko Pangani, katika karne ya 19 palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa nguvu za watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani tangu mwaka 1888 na kunyongwa mwishoni mwa mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Kitu kilichopatikana kwa jasho chungu namna hii kimekuwa katika lugha yetu kipimo cha wema. Maneno mema ni matamu, sauti nzuri ni tamu, usingizi ni mtamu, na maisha tukiyapenda twayaita matamu. Mchoyo tukimsema, twasema kwamba nyumbani kwake hata chai hupewi.

Hapo niliielewa ratiba ya uchu wangu. Saa nne asubuhi ni saa ya mazungumzo na wenzangu. Saa kumi jioni ni saa ambayo mama yangu alikuwa akinipokea mfuko wa madaftari na kunipa kikombe. Saa nne usiku ni saa ambayo watu wamelala, kazi haijaisha, na hapana wa kuniambia pole. Katika kila saa palikuwa na mtu, au palikuwa na pengo la mtu, na sukari ilikuwa imekalia kiti chake. Kumbe nilikuwa nikipigana na kijiko, na kijiko kilikuwa mtumishi tu. 

Tangu siku hiyo nilishughulika na saa zile. Saa nne asubuhi nilikwenda katika chumba cha walimu na chupa yangu ya chai ya tangawizi, iliki na mdalasini, isiyo na sukari, nikakaa na wenzangu kama zamani. Mwanzo ilikuwa kama dawa ya kikohozi. Baada ya mwezi mmoja ulimi wangu ulianza kuusikia utamu wa mdalasini, ambao kwa miaka mingi ulizikwa chini ya vijiko vitatu. Saa kumi jioni nilitoka na watoto kutembea, na tuliporudi tulikula vipande vya nazi. Kazi za usiku nilizihamishia sebuleni, penye meza ambayo binti yangu mkubwa hujisomea, nasi tukawa tunapeana pole. Uchu ulipokuja licha ya hayo niliitazama saa ya ukutani. Kwangu mimi aghalabu haukukaa zaidi ya dakika 20. Vitamu vya kutengenezwa visivyo sukari sikuvitumia, kwa kuwa niliona vinauambia ulimi usubiri mgeni ambaye hatakuja. Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri kuwa watu wasivitegemee kwa kupunguza uzito.

Jaribu kubwa lilikuja kwa Idi. Ramadhani ya mwaka ule niliipita kwa kufungua saumu na tende moja ndogo, maji na mchuzi. Sikukuu ilipofika nilikwenda Tanga kumwona shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye umri wake umepita miaka 80. Aliponiona akaniitikia, “Marahaba, mwanangu,” kabla sijamaliza kumwamkia, na mara sinia ikaletwa: chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na sukari yake, kaimati, na halua. Nilimwambia kwa adabu zote nilizonazo kwamba nimeacha sukari.

“Kuacha ni huko kwenu Dar es Salaam,” alisema. “Hapa ni kwa shangazi yako.”

Nilizunguka kwa maneno, na maneno yakaniishia. Mwisho nilimwambia kweli: kwamba nimepimwa, na kwamba nimeanza njia aliyopita baba. Shangazi aliliweka birika chini. Alikaa kimya muda ambao ulinifanya nijute kusema. Kisha akanieleza jambo ambalo nyumbani kwetu hapana aliyelijua.

“Baba yako alikuwa akipita hapa kila Ijumaa akitoka kusali,” alisema. “Kwenu mama yako aliifungia sukari kabatini. Akifika huniambia, dada, nipe chai ya kweli. Nami nikimtilia. Vijiko vinne. Nilikuwa najua, mwanangu. Hata alipokuwa anakuja kwa magongo nilimtilia. Ningemnyimaje ndugu yangu chai?”

Nilimjibu kwamba maradhi yale hayaletwi na kikombe cha Ijumaa. Kwamba yana sababu nyingi, na nasaba ni mojawapo, na uzito, na umri. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, lakini hayakumfaa kitu. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto anayesoma vizuri. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwagiza auondoe ule mkate wa sinia wote na achemshe chai ya rangi, yenye tangawizi, isiyotiwa kitu. Ilipokuja alinimiminia mimi, akajimiminia na yeye kutoka katika birika lile lile. Alionja, akakunja uso.

“Chai gani hii,” alisema. “Haina hata habari.”

Tulicheka wote wawili, na tukainywa. Tulikaa mpaka alasiri, naye akanisimulia habari za baba yangu alipokuwa mtoto: jinsi alivyotoroka chuoni akaenda kuogelea Raskazone, na jinsi yeye dada yake alivyomfichia nguo zilizolowa ili asipigwe. Nilipotoka njiani nilikumbuka kuwa sikuwa nimeifikiria halua hata mara moja. Nilikuwa nimepewa kile ambacho halua ilikuwa mjumbe wake tu.

Sasa nimwambie msomaji mwisho wa hesabu, kwani insha ya afya isiyotoa hesabu ni hadithi. Mwishoni mwa Aprili 2023 kipimo changu kilishuka kutoka 6.2 mpaka 5.8, na uzito wangu ulipungua kilo 8. Hayo ni mema. Lehemu mbaya katika damu, kwa upande mwingine, ilipanda, na tabibu hakufurahi. Alinieleza kwamba faida ya lishe hii katika kushusha sukari huonekana zaidi katika miezi sita ya mwanzo, na mwaka ukitimia tofauti yake na lishe nyingine njema hupungua, hasa kwa kuwa watu wengi hushindwa kuishi ndani yake. Kwa ajili hiyo baada ya miezi sita nililegeza kamba. Nilirudisha maharage, nusu kikombe kwa siku, nikapunguza samli, nikaongeza mwendo. Gramu zangu za wanga sasa hukaribia 100, na mtu mwenye kufuata kanuni atasema kuwa hiyo si lishe ya ketoni tena. Atakuwa amesema kweli. Lishe ile ilikuwa kwangu kama nyumba ya mwali: huingizwa, hufundwa, kisha hutoka. Hapana mwali anayekaa ndani maisha yake yote, lakini hapana pia aliyefundwa ambaye hutoka kama alivyoingia.

Sukari haikurudi. Sisemi kuwa nimeishinda. Nasema kuwa nimejua inakaa wapi. Bado saa kumi jioni hunipitia kama mwenye deni, nami humlipa kwa matembezi. Kila niendapo Tanga shangazi hunimiminia chai ya rangi, na kando ya kikombe huniwekea kijiko kikavu, kwa kuwa kumpa mgeni kikombe bila ya kijiko, kwake yeye, ni utovu wa adabu.

Kuacha nyama kulinifundisha kwamba mtu aweza kukiacha chakula kwa sababu ya huruma. Kuacha sukari kumenifundisha jambo gumu zaidi: kwamba katika nchi yetu pendo limewekwa ndani ya kikombe, na tukikikataa kikombe lazima tutafute haraka chombo kingine cha kuliwekea pendo hilo, ama sivyo tutarudi kwenye kikombe usiku, peke yetu, tumesimama. Kwa hiyo msomaji, ukimjua mtu aliyekatazwa sukari, usimfungie kabati ukadhani umemtibu. Kaa naye saa ile uchu wake unapokuja. Na ikiwa aliyekatazwa ni wewe, usiwe mwepesi wa kuikataa nyumba unapokikataa kikombe. Ingia, keti, omba chai isiyotiwa kitu, na usiwe na haraka ya kuondoka.